Bwana Kimya wa Chumba cha Chini

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ni ndefu. Hapa nyumbani wote wazima. Baba bado anakata vioo vya miwani dukani kwake, Mama hajambo, na mama yako, yaani Bibi, ametengenezewa na Baba miwani mipya. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Anaona kila kitu.

"Kumbe una chunusi!" aliniambia mezani. "Zamani ulikuwa na uso laini."

"Zamani ulikuwa huoni, Bibi."

"Basi zamani kulikuwa kuzuri."

Anakusalimu sana na anauliza utaolewa lini. Nimeagizwa niandike hivyo neno kwa neno, kwa hiyo usinikasirikie mimi.

Ulisema tuandikiane kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mimi huandika "sawa" na "haya" basi, na ukinipigia nabaki nahema kama mtu aliyepanda ghorofa tano. Ni kweli. Karatasi hainitazami.

Sasa habari yenyewe. Nimejiunga na bendi ya shule! Usishtuke. Mwalimu wa bendi alisema kuna ala moja isiyotaka mtu wa kujitokeza, nayo ni pembetatu, kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Nahesabu mapigo tisini na sita nimenyamaza, nagonga mara moja, ting, kisha nanyamaza tena. Sijawahi kupata kazi inayonifaa hivi.

Tatizo ni Bibi. Mwalimu alikwenda dukani kwa Baba kupimwa macho, Bibi akamkalisha chini akamwambia mjukuu wake anatengeneza tovuti. Kesho yake Mwalimu akaniita mbele ya watu: "Wewe Pembetatu! Kumbe fundi!" Anataka ukurasa wenye ratiba ya mazoezi na karatasi zote za nota, amechoka kudurufu. Nimeutengeneza kwa siku nne. Nyumbani unapendeza kabisa.

Lakini mazoezi yetu ni kwenye chumba cha chini ya ukumbi, kule yanakowekwa madawati mabovu, na mtandao unaishia ngazi ya nne. Nimepima. Ukishuka ya tano, ukurasa wangu unageuka mweupe na maneno ya kijivu ya kuomba radhi. Watu thelathini na mmoja waliinua macho kutoka kwenye simu wakanitazama mimi. Thelathini na mmoja, Shangazi!

Tamasha ni tarehe 24 Aprili. Je, ukurasa unaweza kufanya kazi pasipo na mtandao? Au nimwambie Mwalimu nimehama shule?

Wako wa ting moja,
Kidoti

Kuna jambo jingine, lakini si muhimu, kwa hiyo siliandiki.


17 Februari

Kidoti mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Mwambie Bibi swali lake nimelipokea na liko kwenye foleni.

Na kwanza, jihadhari. Barua yako imefika na masahihisho ya penseli pembeni, kwa mwandiko ninaoujua tangu nizaliwe. Siri ziandike karatasi ya pili, uzikunje ndani ya soksi mpaka uzifikishe posta.

Mimi sijambo. Ofisini tuko sita bado, tunatengeneza kurasa za kukatia tiketi za treni, na tunagombania kiti kimoja kizuri. Juzi lifti ya jengo letu ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba nikiwa ndani na mfuko wa vitunguu. Fundi lifti alikuja akakaa upande wa pili wa mlango, akanizungumzisha dakika hamsini nisiogope. Wala sikuwa naogopa. Basi.

Jibu la swali lako: ndiyo, unaweza. Usihame shule.

Sikiliza. Ukurasa wako ni kama duka, na seva ni ghala lililo mbali. Kila anapoingia mteja, duka linatuma mtu barabarani mpaka ghalani. Barabara ikikatika, duka halina kitu. Sasa kuna mfanyakazi unayeweza kumweka mlango wa nyuma. Sisi kazini tunamwita sevisi waka, lakini wewe mpe jina utakalo. Kila ombi linalotoka dukani linapita mkononi mwake kwanza. Yeye ndiye anayeamua: hili niende ghalani, au nina jibu lake kwenye rafu yangu? Ile rafu ndiyo akiba. Siku anapoajiriwa unamwambia, "Weka ratiba, weka nota zote, weka na picha ya bendi." Mtandao ukikatika, anatoa vya kwenye rafu, na mteja hajui lolote.

Ana tabia zake. Haandikwi ndani ya ukurasa, ana faili lake peke yake, na ukurasa unamsajili kwa mstari mmoja tu. Hakubali kazi mahali ambapo anwani si salama. Hawezi kugusa ukurasa wenyewe, hata rangi ya kitufe hawezi kubadilisha. Anapokea maombi na kupitisha vikaratasi tu. Na hana mazoea ya kukaa macho bure. Kukiwa na kazi kivinjari kinamwamsha, ikiisha analala zake. Pia usimshangae siku ya kwanza: mara nyingi mtu anapofungua ukurasa mara ya kwanza, yeye ndiyo kwanza anapanga rafu. Waambie waufungue mara mbili wakiwa juu, ndipo washuke.

Nimekuandikia mfano wa faili lake kwenye karatasi ya njano. Uunakili kwa mkono, usiruke nukta.

Na hilo jambo lisilo muhimu ni lipi?

Shangazi yako


7 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo! Shikamoo tena! Siwezi kuandika polepole leo, unisamehe mwandiko.

Wote wazima. Bibi anasema dakika hamsini ni nyingi kwa lifti moja. Hii ni karatasi ya kwanza kwa hiyo naishia hapo.

(Karatasi ya pili.)

IMEFANYA KAZI. Niliunakili ule mfano wote, nikamtengeneza mfanyakazi wangu, nikampa jina Bwana Kimya, kwa sababu ni kama mimi: yuko nyuma, hasemi, lakini mambo yanakwenda. Jumatatu nikawaandikia watu ubaoni wafungue ukurasa mara mbili kabla ya kushuka. Tukashuka. Ngazi ya nne, ya tano, ya sita. Nikafumba macho. Nikasikia Mwalimu anapiga kelele, "Nota zipo! Hakuna mtandao na nota zipo!" Akambusu mpiga ngoma kubwa kwenye kipaji cha uso.

Furaha yangu ilidumu siku tatu.

Alhamisi Mwalimu aliamua tuanze na wimbo mwingine, ule wa taratibu badala ya ule wa kuandamana. Mimi nikabadilisha ukurasa, nikapandisha na faili jipya la Bwana Kimya, nikaridhika. Tukashuka. Mwalimu akainua mikono, akahesabu, akaishusha. Shangazi, nusu ya bendi ilipiga wimbo wa kuandamana na nusu ikapiga ule wa taratibu. Kwa nguvu zote! Kila nusu ikadhani nyingine imekosea, kwa hiyo wakaongeza sauti. Mwalimu alikuwa amefumba macho, alipoyafumbua alikuwa kama mtu aliyeamkia nyumba ya jirani. Mpiga zumari akacheka mpaka zumari likatoa mlio wa bata.

Wenye tarumbeta wote walikuwa na ukurasa wa zamani. Niliwaambia, yaani niliwaandikia, wausasishe. Wakausasisha mara kumi. Hola, bado wa zamani. Kwa nini?

Sasa lile jambo lisilo muhimu. Lina masikio yaliyosimama kidogo na linapiga tarumbeta safu ya pili. Wakati watu wote wanagombana nani kakosea, aligeuka akaniuliza, "Ni wewe umefanya hivi?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Fanya tena wiki ijayo," akasema. "Sijawahi kufurahi hivi tangu nianze shule."

Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikagonga pembetatu. Ting! Nilimjibu mtu kwa ting, Shangazi. Akacheka, akageuka mbele. Tangu siku hiyo nikikumbuka naingiza kichwa ndani ya sweta.

Yeye ni wa kidato cha mwisho. Tamasha likiisha anaondoka, siku ya pili yake tu, anakwenda kusoma mbali kama ulivyokwenda wewe. Nataka nimwambie sentensi moja kabla hajaondoka. Sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho. Hiyo tu.

Wako mwenye sweta kichwani,
Kidoti


21 Machi

Kidoti wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako ofisini nikacheka mpaka wenzangu wakanipokonya kile kiti kizuri. Nusu wimbo huu, nusu ule! Hilo kosa nimelifanya mimi mwenyewe kwenye tiketi za treni, ila sitakuambia abiria walifika wapi.

Sababu ni hii. Ulipopandisha faili jipya, kivinjari kiliajiri Bwana Kimya wa pili. Lakini wa kwanza hafukuzwi kazini akiwa na wateja dukani. Wa pili anasimama nje ya mlango na mizigo yake, anasubiri mpaka kurasa zote zilizo chini ya yule wa zamani zifungwe. Kusasisha hakutoshi, maana ukurasa unaosasishwa haujafungwa. Wenye tarumbeta wako, nakuapia, ni watu wasiofunga ukurasa hata siku moja. Muulize huyo mwenye masikio ana kurasa ngapi wazi kwenye simu yake. (Hiyo nimekupa na sentensi bure.)

Dawa: nota umwambie azitoe rafuni kwanza, lakini ratiba umwambie aende ghalani kwanza, akikosa njia ndipo atoe ya rafuni. Na ukiwa na mpya anayesubiri, ukurasa uonyeshe kitufe, "Kuna toleo jipya, bonyeza hapa," na kitufe hicho kimwambie yule wa nje asisubiri tena, aingie.

Umesema pia Mwalimu anataka watu waandikiane ujumbe humo? Hukusema, lakini atataka, wote hutaka. Bwana Kimya anaweza. Mtu akibonyeza "Tuma", awe juu au chini kule pasipo na mtandao, ujumbe unawekwa kwanza kwenye sanduku ndani ya simu, na Bwana Kimya anaomba aamshwe mtandao ukirudi. Ukirudi, anaamka, anaupeleka. Mfano uko kwenye karatasi ya kijani. Kuna jambo moja kubwa sana unalotakiwa ulijue kuhusu kazi hii kabla hujaitumia, nalo ni

Kengele inalia mlangoni, ni fundi lifti, amesema anakuja kukagua. Acha niitie muhuri barua hii isichelewe posta, lililobaki nitaliandika.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bibi anasema kwa ujuzi wake fundi lifti hukagua lifti, hakagui mlango wa mtu. Mimi simo.

(Karatasi ya pili. Iko ndani ya soksi.)

Ulijuaje kuhusu ujumbe! Mwalimu aliniomba siku ile ile barua yako ilipofika. Nimetengeneza. Kila mtu anajulikana kwa ala yake, kwa hiyo mimi naitwa Pembetatu hata humo. Nilijaribu na Mwalimu: tukabonyeza Tuma kule chini, tukapanda ngazi tukiwa tumeukodolea ukurasa macho, na ngazi ya nne, fyuu, ukaenda. Mwalimu alirudi chini akapanda tena mara sita.

Sasa nakuungamia kitu, na usicheke.

Sikuweza kumwambia ile sentensi. Nilimfuata mara tatu. Mara ya kwanza nikasema "samahani" nikampita. Mara ya pili nikakohoa. Mara ya tatu sikufika. Basi Jumatatu, watu walipotoka kwenda kunywa maji, nikabaki kule chini peke yangu, nikafungua ukurasa, nikachagua jina lake, nikaandika: "Ukitaka kupiga nota ya juu mabega yako hupanda kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Mimi huwa nasubiri hapo." Nikatazama alama ya mtandao. Hakuna hata chembe. Nikabonyeza Tuma! Halafu haraka haraka, kabla sijapanda, nikaufunga ukurasa. Nikaja kuufungua nyumbani, kisanduku kiko cheupe. Maneno yameyeyuka.

Shangazi, ni raha ambayo siwezi kuieleza. Ni kama kupiga kelele ndani ya mto. Nimeshafanya mara saba! Nimemwambia kuhusu masikio yake. Nimemwambia kwamba nilimjibu kwa ting kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umekwenda likizo. Jana nimemwandikia, "Ukiondoka bendi itakuwa na sauti ya chumba kilichohamwa." Nikabonyeza, nikafunga, nikapanda ngazi nikirukaruka.

Nadhani nikizoea kumwambia bila kumwambia, siku moja nitamwambia kweli. Ni mazoezi tu.

Jambo la ajabu ni kwamba wiki hii amebadilika. Ananitazama katikati ya wimbo, kama aliyeniuliza swali na mimi nimekaa nalo. Ijumaa alikosa kuingia mahali pake, Mwalimu akamwuliza, "Wewe uko wapi?" akasema, "Nipo, Mwalimu, nasubiri." Sijui anasubiri nini. Nimejitazama kwenye kioo kama nina wino puani. Sina.

Wako mwenye furaha ya kipumbavu,
Kidoti


6 Aprili

Kidoti mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Nimechelewa wiki mbili kumalizia sentensi, na sababu sitaisema. Lifti inafanya kazi vizuri, asante.

Lile jambo kubwa ni hili, na ulisome mara mbili. Bwana Kimya haishi ndani ya ukurasa. Anaishi ndani ya kivinjari. Ukiufunga ukurasa, yeye bado ameajiriwa, na sanduku la ujumbe bado liko mkononi mwake. Mtandao ukirudi tu, ataamka auwasilishe, wewe uko jikoni unaosha vyombo, hujui. Kwa hiyo waambie wenzako: mtu asibonyeze Tuma kwa ujumbe asiotaka ufike, hata akiwa shimoni. Kufunga ukurasa si kufuta. Wewe una akili, huwezi kufanya hivyo, lakini wengine je?

La pili: si kila kivinjari kinaijua kazi hii ya kuamshwa baadaye. Vingine vinamkubali Bwana Kimya na rafu yake, lakini hili la kuamshwa havina. Kwa watu wenye vivinjari hivyo ujumbe utakaa sandukuni na hautakwenda popote, na mwenyewe atadhani umekwenda. Lazima uwatengenezee njia ya pili: ukurasa ukifunguliwa mahali penye mtandao, utazame sanduku wenyewe, utume vilivyobaki.

Nibusie Bibi. Swali lake linasogea mbele kwenye foleni.

Shangazi yako


25 Aprili, Jumamosi asubuhi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hakuna karatasi ya pili leo, Bibi anajua kila kitu.

Barua yako ya tarehe 6 ilifika Jumatatu iliyopita, naona ilipishana na yangu njiani. Niliisoma nimesimama kizingitini. "Wewe una akili, huwezi kufanya hivyo." Niliisoma hiyo sentensi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kumi na tatu, Shangazi! Zilikuwa zimefika kumi na tatu! Nikafungua seva, nikatazama. Zote zipo, zimepangwa moja moja, na mbele ya kila moja alama ya kusomwa. Ya masikio imesomwa. Ya mabega imesomwa mara nne.

Niliingia ndani ya kabati la Mama nikajifungia. Bibi akafungua.

"Unatafuta nini humo?"

"Nimekufa, Bibi."

"Basi kufa huku umenishikia huu uzi, nataka kuukunja."

Nikamshikia uzi nikiwa nimekaa kabatini, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta uzi, akasema, "Na yeye amekujibu nini?"

"Hajajibu kitu."

"Kumi na tatu na hajajibu hata moja?" Akavua ile miwani akaifuta. "Huyo ni bubu au mpumbavu. Chagua."

Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha Futa. Mimi ndiye mwenye seva, ningeweza kuzifuta zote kumi na tatu na kwenye simu yake zingetoweka. Lakini alishazisoma. Ningekuwa nafuta yangu tu. Nikakiacha kitufe. Nikaamua nitaleta ile njia ya pili uliyoniagiza, kwa sababu Mwalimu alikuwa analalamika kwamba ujumbe wa watu wengine haufiki, halafu baada ya tamasha nitaacha bendi na kuishi kabatini. Jumatano nikaandika ile njia ya pili, nikaongeza alama ya "umetumwa" mbele ya kila ujumbe, nikapandisha toleo jipya.

Alhamisi yalikuwa mazoezi ya mwisho. Nilijificha nyuma ya ngoma kubwa. Mapumziko yalipofika nikawahi ngazi ili nikimbie, na yeye alikuwa mbele yangu anapanda, simu mkononi. Nikamwona anabonyeza kile kitufe cha toleo jipya. Alisimama ngazi ya nne. Mimi nilikuwa ya tatu kutoka juu, nimeshampita, karibu nipone.

Simu yangu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikaendelea, haikomi, kama ina homa. Mara kumi na moja. Zote kutoka kwa Tarumbeta la Pili.

"Mabega yangu hayapandi." Halafu: "Nimejitazama kwenye kioo. Yanapanda." Halafu: "Mbona hujibu?" Halafu: "Leo umesema masikio yangu yanasikiliza hata yakiwa yamepumzika. Nimemwonyesha dada yangu, amecheka, lakini mimi sikucheka." Halafu: "Sawa, nimeelewa, unapenda kuandika tu hutaki kujibiwa. Lakini mimi naendelea." Na ya mwisho: "Jumamosi naondoka na basi la saa nne. Kama kujibu ni kazi, basi nipungie mkono."

Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama kutoka chini, amejishika kichwa, kwa sababu naye alikuwa anaona kwenye ukurasa wake vialama vyote kumi na kimoja vinageuka "umetumwa" sasa hivi.

"Hizo," akasema, "zilikuwa hazijaenda?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, Shangazi. Ukafunguka na haukufungika. Nikamwambia kivinjari chake ni kile kisichojua kumwamsha Bwana Kimya baadaye, kwa hiyo majibu yake yote yalikaa sandukuni tangu wiki mbili, na kwamba mimi changu kinajua, ila mimi nilidhani ukifunga ukurasa naye anakufa, kumbe haishi humo, na kwamba zile zangu kumi na tatu hazikutakiwa kufika lakini sijutii isipokuwa ile ya masikio, hapana, hata ile sijutii. Nilieleza akiba. Nilieleza ghala. Nilimweleza yule wa pili anayesubiri nje na mizigo. Watu walipita kwenda kunywa maji wakarudi. Mpiga zumari alisimama akasikiliza, akaondoka. Nadhani nilizungumza dakika kumi, bila karatasi, na mtu ananitazama usoni.

Nilipoishiwa pumzi akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hukuwa unaninyamazia?"

"Sikuwa. Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napiga kelele wiki mbili."

Tukacheka mpaka Mwalimu akaja kutuchukua mmoja mmoja kwa mkono.

Jana tamasha lilikwenda vizuri, bendi nzima wimbo mmoja. Baba alipiga makofi mahali pasipostahili, akarudia. Na kuhusu wewe: Bibi amezitoa barua zako zote akazisoma na miwani mipya, akahesabu. Lifti au fundi wake ametajwa kila barua. Kiti kizuri kimetajwa mara mbili. Anasema hana tena haja ya jibu, anataka kujua tu huyo bwana anakula nini.

Ni saa tatu na robo. Kituo cha mabasi ni dakika ishirini kwa kutembea, kumi kwa kukimbia. Sitampungia mkono. Nitasimama pale dirishani kwake nizungumze, na sijaandaa hata neno moja. Barua inaishia hapa, Shangazi, kiatu kimoja kimeshaingia na kingine bado nakitafuta.

Kidoti